Puskás na bao lililoinyamazisha Wembley

MASHABIKI wa soka hawakosi jambo la kubishania, na hakuna ubishi unaorefuka kama ule wa kuamua ni bao lipi linalostahili kuitwa bora. Wapo wanaolipima kwa umbali wa mkwaju, wapo wanaohesabu mabeki walioachwa chini, na wapo wasiotaka kusikia lolote ila kombe ambalo bao lenyewe lilileta.

Tangu mwaka wa 2009, Shirikisho la Soka Duniani (FIFA) limekuwa likijaribu kuumaliza ubishi huo kwa kumtuza mfungaji wa bao linaloteuliwa kuwa zuri kupita mengine yote ya mwaka. Tuzo hiyo imepewa jina la mtu aliyekuwa mfupi, mnene kiasi, na aliyeutegemea mguu wa kushoto karibu kwa kila jambo.

Mtu huyo ni Ferenc Puskás, nahodha wa timu ya taifa ya Hungary ya miaka ya 1950. Alipachika mabao 84 katika mechi 85 alizochezea nchi yake ya kuzaliwa, lakini anapotajwa, wengi hukumbuka moja tu kati ya hayo.

Puskás alizaliwa jijini Budapest mnamo Aprili 1927 akiitwa Ferenc Purczeld. Mwaka wa 1937, familia yake iliacha jina hilo lenye asili ya Kijerumani na kuchukua jina la Puskás, linalotokana na neno la Kihungary lenye maana ya bunduki. Hakuna aliyejua wakati huo jinsi jina hilo lingemfaa mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 10.

Alilelewa Kispest, mtaa wa watu wa kipato cha chini pembezoni mwa jiji. Babake alikuwa mchezaji na baadaye kocha wa klabu ya mtaa huo, na nyumba yao ilikuwa karibu na uwanja wenyewe. Jirani yao wa ukutani alikuwa mvulana aitwaye József Bozsik, na inasimuliwa kwamba wawili hao walikuwa wakigonga ukuta ili kuitana kwenda kucheza.

Mpira wao wa kwanza ulikuwa wa matambara. Mpira wa aina hiyo haudundi sawasawa wala hauendi mbali. Mtoto anayetaka umtii hana budi kuugusa kwa upole, kuuweka karibu na mguu na kufikiri haraka kabla wenzake hawajamzingira. Mafunzo hayo ya vichochoroni hayakumtoka Puskás hadi alipotundika viatu vyake.

Alipokuwa bado hajatimiza umri wa kusajiliwa, klabu ya Kispest ilimchezesha kwa jina bandia la Miklós Kovács. Mnamo 1943, akiwa na umri wa miaka 16, aliingia katika kikosi cha kwanza. Agosti 20, 1945, miezi michache baada ya vita kwisha barani Ulaya, alivaa jezi ya taifa kwa mara ya kwanza na kufunga bao katika ushindi wa 5-2 dhidi ya Austria.

MEJA ASIYEJUA VITA

Mwaka wa 1949, serikali ya kikomunisti iliikabidhi Kispest kwa Wizara ya Ulinzi. Klabu hiyo ilibadilishwa jina ikawa Honvéd, na wachezaji wake wakapewa vyeo vya kijeshi. Puskás alipanda hadi kuwa meja bila kuongoza askari hata mmoja vitani, na ndiyo sababu magazeti ya ng'ambo yakazoea kumwita meja.

Hatua hiyo iliwakusanya pamoja wachezaji waliokuwa wametawanyika. Mbali na Puskás na Bozsik, Honvéd ilikuwa na Sándor Kocsis aliyesifika kwa mabao ya kichwa, winga Zoltán Czibor na kipa Gyula Grosics. Walizoeana klabuni, kisha wakakutana tena katika timu ya taifa chini ya kocha Gusztáv Sebes.

Maisha ya wachezaji hao hayakuwa sawa na ya raia wa kawaida. Wakati ambapo wananchi hawakuruhusiwa kusafiri, wao walizuru nchi za nje na kurejea na bidhaa zisizopatikana madukani, huku maafisa wa forodha wakijifanya hawaoni. Puskás hakuficha kwamba alifurahia nafasi hiyo. Alikuwa mwepesi wa ulimi na mwingi wa mizaha, na alithubutu kuwajibu wakubwa kwa namna ambayo ingemtia mtu mwingine mashakani.

Katika Michezo ya Olimpiki ya 1952 jijini Helsinki, Hungary ilitwaa dhahabu kwa kuilaza Yugoslavia 2-0 katika fainali. Puskás alipoteza penalti katika mechi hiyo, lakini hakuvunjika moyo. Ni yeye aliyefunga bao la kwanza kipindi cha pili.

Ushindi huo ndio uliofungua njia ya mwaliko wa kwenda Uingereza.

SIKU YA WEMBLEY

Jumatano ya Novemba 25, 1953, mashabiki wapatao 105,000 walifurika uwanjani Wembley. Timu ya England ilikuwa haijawahi kushindwa nyumbani na taifa lolote kutoka nje ya visiwa vya Uingereza na Ireland. Waingereza walijiona kuwa wenye mchezo, na mataifa mengine wakayahesabu kuwa wanafunzi.

Sebes hakuacha jambo lolote kwa bahati. Kabla ya safari, aliwazoesha vijana wake kwa mipira iliyotengenezwa Uingereza, ambayo ilikuwa mizito kuliko yao, na katika uwanja wenye vipimo vya Wembley.

Aidha, alikuwa na hila iliyowachanganya wenyeji. Siku hizo, beki wa kati alijua kwamba kazi yake ni kumkaba mchezaji anayevaa jezi nambari 9. Nándor Hidegkuti aliivaa jezi hiyo, ila badala ya kukaa mbele alirudi nyuma katikati ya uwanja. Beki Harry Johnston alibaki njia panda. Akimfuata Hidegkuti, aliacha pengo ambalo Puskás na Kocsis walipitia, na akibaki nyuma, Hidegkuti alipata nafasi ya kufanya apendavyo.

Kabla ya dakika ya kwanza kwisha, Hidegkuti alikuwa tayari ametikisa nyavu. England ilisawazisha kupitia Jackie Sewell, kisha Hidegkuti akafunga tena. Mechi ilikuwa haijatimiza nusu saa wakati Puskás alipofunga bao lililomfanya asisahaulike.

Czibor, ambaye kwa kawaida alicheza kushoto, alikuwa amehamia upande wa kulia. Kutoka huko alimpenyezea Puskás pasi ya chini karibu na pembe ya kijisanduku cha yadi sita. Nafasi ilikuwa finyu, pembe ilikuwa mbaya, na nahodha wa England, Billy Wright, alikuwa anakuja mbio kumnyang'anya mpira.

Mchezaji wa kawaida angepiga mara moja na kuutia mpira miguuni mwa Wright, au angerudisha pasi nyuma. Puskás hakufanya lolote kati ya hayo. Aliuwekea mpira wayo wa mguu wa kushoto na kuuvuta nyuma kwa ghafla. Wright, ambaye tayari alikuwa amejitupa, aliteleza akapita mahali ambapo mpira ulikuwa umeshaondoka.

Bila kupoteza muda, Puskás alifyatua kombora kwa mguu uleule. Mpira ulipita kati ya kipa Gil Merrick na mlingoti wa karibu kabla kipa huyo hajainua mikono. Tangu alipopokea pasi hadi nyavu zilipotikisika, sekunde chache tu zilikuwa zimepita.

Mtu anaweza kuuliza ni kwa nini bao hilo lishinde maelfu mengine. Halikufungwa kutoka mbali. Halikuwa la dakika ya mwisho. Wala halikuleta kombe, kwani mechi yenyewe ilikuwa ya kirafiki.

Jibu la kwanza ni adui aliyeshindwa. Wright hakuwa beki wa kubahatisha. Alikuwa mlinzi aliyeheshimiwa kote Ulaya, na baadaye akawa mchezaji wa kwanza duniani kufikisha mechi 100 za kimataifa. Alipojitupa, alifanya kila alichofunzwa kufanya, na alikifanya kwa wakati ufaao. Kosa lake lilikuwa kukutana na jambo ambalo hakuwahi kufunzwa.

Jibu la pili ni kwamba bao hilo lilizaliwa akilini kabla ya kufika mguuni. Nguvu zilikuja mwisho tu. Kilichomshinda Wright ni uamuzi, na uamuzi huo ulifanywa na mtu aliyekuwa amebanwa pande zote.

Jibu la tatu linahusu maana yake. Kwa kitendo kimoja, maelfu waliokuwa uwanjani waliona kuwa mchezo waliouasisi ulikuwa umekua ughaibuni bila wao kujua. Matokeo yalikuwa 3-1 wakati huo, na bado kulikuwa na muda wa kutosha wa England kurejea. Hata hivyo, imani ya kale ilikuwa imevunjika tayari.

Ushahidi mkubwa zaidi ulitokea dakika chache baadaye. Bozsik alipiga mpira wa adhabu, ukagonga kisigino cha Puskás, ukabadili mwelekeo na kuingia wavuni. Hilo nalo lilihesabiwa kuwa bao la Puskás. Kwenye ubao wa matokeo mabao hayo mawili yalikuwa na uzito sawa, lakini la kisigino halizungumziwi na yeyote ilhali la wayo lingali linafundishwa kwa watoto.

Hungary ilishinda 6-3, Hidegkuti akifunga matatu. Mei 23, 1954, England ilikwenda Budapest kulipiza kisasi ikapigwa 7-1. Miongoni mwa waliocheza Wembley siku ile ni beki Alf Ramsey, ambaye hakuitwa tena katika timu ya taifa. Miaka 13 baadaye, mwaka wa 1966, Ramsey akiwa kocha aliiongoza England kutwaa Kombe la Dunia katika uwanja uo huo.

BAO LISILOHESABIWA

Hungary ilienda kwenye Kombe la Dunia la 1954 nchini Uswisi ikiwa haijashindwa tangu Mei 1950. Ilianza kwa kuinyuka Korea Kusini 9-0, kisha ikaicharaza Ujerumani Magharibi 8-3. Katika mechi hiyo ya pili, beki Werner Liebrich alimkwatua Puskás na kumuumiza kifundo cha mguu.

Puskás alikosa mechi mbili. Wenzake waliishinda Brazil 4-2 katika robo fainali na Uruguay 4-2 katika nusu fainali baada ya muda wa ziada. Kwa fainali ya Julai 4 jijini Bern dhidi ya Wajerumani walewale, alisisitiza kucheza ingawa hakuwa amepona vyema. Uamuzi huo umelaumiwa na wengi hadi leo.

Mwanzoni ilionekana hakukosea. Alifunga dakika ya sita, na Czibor akaongeza la pili dakika mbili baadaye. Lakini Max Morlock na Helmut Rahn walisawazisha kabla ya dakika ya 20 kwisha, na zikiwa zimesalia dakika sita, Rahn akaiweka Ujerumani Magharibi mbele 3-2.

Muda ukiwa unayoyoma, Puskás alipokea mpira na kuutia wavuni. Wahungary walianza kushangilia. Mshika kibendera kutoka Wales, Mervyn Griffiths, alikuwa ameinua kibendera chake, na refa William Ling akaamua kuwa Puskás alikuwa ameotea. Kombe likaenda kwa Wajerumani.

Mabingwa wa dunia wa kila mtu isipokuwa wa kombe lenyewe walirudi nyumbani vichwa chini, na ghadhabu ya mashabiki ikalipuka katika mitaa ya Budapest.

Uchungu ulimfanya Puskás atoe madai hadharani kwamba Wajerumani walikuwa wametumia dawa za kusisimua misuli. Shirikisho la soka la Ujerumani liliwazuia wachezaji wake kukabiliana na timu yoyote aliyokuwemo. Maneno hayo yangemrudia miaka sita baadaye.

UHAMISHONI

Mwishoni mwa Oktoba 1956, wananchi wa Hungary waliasi dhidi ya serikali yao, na mwezi uliofuata vifaru vya Muungano wa Sovieti vikauzima uasi huo kwa umwagaji mkubwa wa damu. Uvumi ulienea kwamba Puskás alikuwa ameuawa.

Kumbe alikuwa hai. Honvéd ilikuwa nje ya nchi kwa ajili ya mechi za Kombe la Ulaya dhidi ya Athletic Bilbao. Ilishindwa 3-2 nchini Uhispania, na kwa kuwa Budapest haikuchezeka, marudiano yalifanyika Brussels mwezi Desemba na kumalizika 3-3. Baadaye kikosi hicho kilifanya ziara ya Brazil bila idhini ya wakuu wa soka.

Kila mchezaji alilazimika kuchagua njia yake. Bozsik, rafiki wa tangu utotoni, alirejea nyumbani. Puskás, Kocsis na Czibor walibaki ughaibuni. Ukuta waliokuwa wakigongeana utotoni sasa ulikuwa mpaka wa nchi wenye askari na bunduki.

Puskás alipigwa marufuku ya karibu miaka miwili. Akiwa na mkewe Erzsébet na binti yao Anikó waliofanikiwa kutoroka, aliishi Austria na Italia bila kazi, akizidi kunenepa. Klabu kadhaa zilimwona kuwa mzee aliyekwisha.

Mwaka wa 1958, Real Madrid ilimsajili. Alikuwa na umri wa miaka 31 na uzito uliomtia haya yeye mwenyewe. Alijinyima, akafanya mazoezi, akaupata tena mwili wa mchezaji. Pamoja na Alfredo Di Stéfano aliunda safu iliyoogopwa Ulaya nzima. Aliibuka mfungaji bora wa ligi ya Uhispania mara nne, na kabla ya kustaafu mwaka wa 1966 alikuwa ameifungia klabu hiyo mabao 242 katika mechi 262.

Mei 18, 1960, Real Madrid ilikutana na Eintracht Frankfurt ya Ujerumani Magharibi katika fainali ya Kombe la Ulaya uwanjani Hampden Park, Glasgow. Ili mechi hiyo iweze kuchezwa, Puskás alilazimika kwanza kuandika barua ya kuwaomba Wajerumani msamaha kwa madai yake ya 1954.

Aliiandika. Kisha akaingia uwanjani mbele ya mashabiki zaidi ya 127,000 na kufunga mabao manne. Di Stéfano alifunga matatu, Real ikashinda 7-3. Miaka miwili baadaye alifunga matatu mengine katika fainali dhidi ya Benfica jijini Amsterdam, lakini Benfica, ikiongozwa na kijana Eusébio mzaliwa wa Msumbiji, ikashinda 5-3.

Mabao saba katika fainali mbili ni jambo ambalo wachezaji wengi hawaliwazi hata ndotoni. Ajabu ni kwamba hakuna hata moja kati ya hayo lililochukua nafasi ya lile la Wembley.

KUREJEA NYUMBANI

Puskás alipata uraia wa Uhispania na kuichezea nchi hiyo mechi nne bila kufunga. Baada ya kustaafu aligeukia ukocha. Mwaka wa 1971 alishangaza wengi kwa kuifikisha Panathinaikos ya Ugiriki katika fainali ya Kombe la Ulaya, iliyochezwa, kwa sadfa, uwanjani Wembley. Ajax iliwashinda 2-0.

Kazi hiyo ilimzungusha mabara kadhaa. Alifika Chile, Paraguay na pia Afrika, ambako aliifunza Al-Masry ya mji wa Port Said nchini Misri. Nchini Australia aliiongoza South Melbourne kutwaa ubingwa wa 1991, nahodha wake akiwa Ange Postecoglou ambaye baadaye alikuwa kocha mashuhuri.

Aliruhusiwa kuikanyaga Hungary tena mwaka wa 1981, baada ya miaka 25. Bozsik hakuwepo kumlaki. Alikuwa amefariki mwaka wa 1978. Utawala wa kikomunisti ulipoporomoka, Puskás alirudi kuishi Budapest, na mwaka wa 1993 aliinoa timu ya taifa kwa kipindi kifupi.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya huzuni. Mwaka wa 2000 madaktari walimpata na maradhi ya Alzheimer, ambayo hufuta kumbukumbu kidogo kidogo. Dunia nzima ilikuwa bado inasimulia bao la Wembley wakati mwenyewe alipokuwa akilisahau. Mnamo Agosti 2005, Real Madrid ilikwenda Budapest kucheza mechi ya kuchangia gharama za matibabu yake.

Aliaga dunia Novemba 17, 2006, akiwa na umri wa miaka 79. Serikali ilimfanyia mazishi ya kitaifa Desemba 9, na mwili wake ukazikwa katika kanisa kuu la Mtakatifu Stefano. Mwana wa mtaa wa Kispest alilazwa katika kanisa linalohifadhi masalia ya mfalme wa kwanza wa Hungary.

FIFA ilipoanzisha tuzo yenye jina lake, iliweka masharti kwamba bao liwe la kupendeza, lisitokane na bahati wala kosa la wapinzani, na mfungaji awe amecheza kwa uungwana. Kwa masharti hayo, bao lake la kisigino lingetupwa nje mapema.

Cristiano Ronaldo ndiye aliyekuwa mshindi wa kwanza, na mwaka wa 2018 aliivuka rekodi ya Puskás ya mabao 84 ya kimataifa, iliyokuwa ya juu zaidi miongoni mwa wanaume wa Ulaya. Mwaka uo huo tuzo ilimwendea Mohamed Salah wa Misri. Mwaka wa 2022 ilitwaliwa na Marcin Oleksy wa Poland, anayecheza soka ya waliokatwa viungo kwa kutegemea magongo, na hivyo kuthibitisha kwamba bao bora halimhitaji mchezaji mwenye umbo fulani.

Mshindi wa 2019 alikuwa Dániel Zsóri, kijana wa klabu ya Debrecen nchini Hungary, aliyefunga kwa tikitaka. Novemba mwaka huo, uwanja mpya wenye jina la Puskás ulifunguliwa jijini Budapest, mahali palepale ambapo England ilipigwa mabao saba.